Ng'ombe wa Majani na Ng'ombe wa Nafaka: Nani Anamharakisha Mnyama, na kwa Faida ya Nani?

UTANGULIZI

Kada anayefanya kazi katika kata za wafugaji hukutana mara kwa mara na mawazo mawili yanayopingana. Wazo la kwanza husema kwamba kuchunga ng'ombe porini ni ufugaji wa kizamani, na kwamba maendeleo ni kumfungia mnyama zizini na kumlisha nafaka mpaka anenepe. Wazo la pili husema kwamba ng'ombe anayekula majani ndiye peke yake anayetendewa haki, na kwamba kumlisha nafaka ni ukatili. Aghalabu mawazo yote mawili huletwa na watu wenye bidhaa ya kuuza. Wa kwanza huuza mitambo na vyakula vya mifugo. Wa pili huuza nyama ya bei kubwa kwa watu wenye uwezo wa kuchagua.

Kada asiyechambua ataishia kuwa kipaza sauti cha mmoja wao. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba majina "majani" na "nafaka" hayatoshi kutuambia kama ng'ombe anaishi vizuri au vibaya. Yanayoamua ni mambo mawili: kwanza, kama chakula chake kinapatana na maumbile ya tumbo lake, pili, kama mwenye madaraka juu ya maisha yake anampa muda, nafasi, maji na matibabu, au anamharakisha kwa ajili ya faida. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na maamuzi juu ya namna ya kuwafuga yanafanywa sasa, katika vijiji ambamo makada wanaishi.

MAANA YA USTAWI WA MNYAMA

Ustawi wa mnyama si mapenzi ya mtu kwa paka wake. Ni hali ya mnyama mwenyewe inayoweza kuchunguzwa: afya yake, hofu yake, maumivu yake, na nafasi aliyo nayo ya kufanya yale ambayo maumbile yake yanamtaka afanye.

Mjadala huu katika sura yake ya sasa ulianzia Uingereza, wakati ufugaji wa viwandani ulipokuwa umeshika kasi. Mwaka 1964 mama mmoja aitwaye Ruth Harrison alichapisha kitabu kiitwacho Animal Machines, akieleza jinsi kuku, nguruwe na ndama walivyokuwa wakifugwa kama vipuri vya mashine. Serikali ya nchi hiyo iliunda kamati chini ya Profesa Brambell, nayo mwaka 1965 ikatoa taarifa iliyosema kwamba mnyama anayefugwa apate walau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Kutokana na kazi hiyo, baraza la ustawi wa mifugo lililoundwa mwaka 1979 lilitoa kipimo kinachojulikana kama uhuru wa aina tano. Mnyama awe huru:

(a) kutokana na njaa na kiu;
(b) kutokana na mazingira ya mateso;
(c) kutokana na maumivu, majeraha na magonjwa;
(d) kutenda mambo ya asili yake;
(e) kutokana na hofu na dhiki.

Katika kipimo hiki hakuna neno "majani" wala neno "nafaka". Mfumo wowote wa ufugaji unaweza kupimwa kwa mambo hayo matano, na mfumo wowote unaweza kushindwa. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya wazungu peke yao.

TUMBO LA NG'OMBE

Uchambuzi wowote wa kweli huanza na hali halisi ya kitu chenyewe, na hali halisi ya ng'ombe iko tumboni mwake. Ng'ombe ni mnyama anayecheua. Tumbo lake lina vyumba vinne. Cha kwanza, kiitwacho rumeni, ni pipa kubwa ambalo kwa ng'ombe mkubwa linaweza kuchukua zaidi ya lita 100. Ndani yake wanaishi vijidudu wasiohesabika, na hao ndio wanaochachusha majani. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuvunjavunja nyuzi za majani. Vijidudu wake ndio wanaoweza, naye huishi kwa matunda ya kazi yao.

Anapokula majani marefu, ng'ombe hucheua kwa saa nyingi kila siku. Kila anapocheua hutoa mate mengi, na mate hayo hupunguza makali ya tindikali tumboni. Hivyo kazi ya kutafuna, mate na vijidudu vinakwenda pamoja kwa mizani.

Nafaka hubadilisha mizani hiyo. Wanga wa mahindi au ngano huchachuka upesi sana na kutoa tindikali nyingi. Wakati huo huo, chakula laini hakihitaji kucheuliwa sana, kwa hiyo mate yanapungua. Tindikali inaongezeka huku kinga yake ikipungua. Ng'ombe akibadilishiwa chakula ghafla kutoka majani kwenda nafaka tupu, anaweza kufa katika muda mfupi. Akibadilishiwa polepole, kwa muda wa wiki mbili au tatu, tumbo lake hujirekebisha kwa kiasi fulani. Lakini nafaka ikiendelea kuwa nyingi mno, ukuta wa rumeni huchubuka, bakteria hupenya na kuingia katika damu, na wengine hufika kwenye ini na kufanya majipu. Kwato nazo huvimba ndani kwa ndani, mnyama akatembea kwa maumivu. Gesi pia inaweza kunaswa katika povu tumboni hadi ikambana pumzi.

Hii haina maana kwamba nafaka ni sumu. Nafaka kidogo, pamoja na majani ya kutosha, humsaidia ng'ombe mwenye kazi nzito au anayekamuliwa sana. Kinachodhuru ni kiasi na kasi. Hapo ndipo inapotubidi tuulize: ni nani aliyeamua kiasi hicho na kasi hiyo?

JINSI NG'OMBE WA MAREKANI ALIVYOINGIZWA KATIKA NAFAKA

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mbegu chotara na mbolea za chumvichumvi ziliongeza mno mavuno ya mahindi nchini humo, na ruzuku za serikali ziliwapa wakulima sababu ya kuendelea kulima hata pale soko lilipojaa. Mahindi yakawa mengi kuliko midomo ya watu, na ng'ombe akawa njia ya kuyamaliza na kuyageuza fedha.

Mambo mengine yalisukuma upande huo huo. Tangu mwaka 1927 serikali ilikuwa imeanza kuipanga nyama katika madaraja, na nyama iliyotapakaa mafuta ndani yake ilipewa daraja la juu na bei ya juu. Nafaka ndiyo inayotia mafuta hayo upesi. Mwaka 1952 Frank Zybach alipata hataza ya mtambo wa kumwagilia unaozunguka shamba, na maji yaliyokuwa yamelala chini ya ardhi katika hifadhi kubwa ya Ogallala yakaanza kuvutwa kulimia mahindi na mtama katika nchi kavu ya Texas, Kansas na Nebraska. Mazizi makubwa ya kunenepeshea yakafuata nafaka huko. Viwanda vya kuchinja navyo vikafuata mazizi. Machinjio na masoko ya mifugo ya Chicago, yaliyofunguliwa mwaka 1865, yalifungwa mwaka 1971.

Siku hizi mazizi ya Marekani yenye uwezo wa ng'ombe 1,000 au zaidi ni machache kwa idadi, lakini ndiyo yanayotoa zaidi ya asilimia 80 ya ng'ombe walionenepeshwa. Makampuni manne hununua na kuchinja karibu asilimia 85 ya ng'ombe hao. Mfugaji mwenye ng'ombe 40 hana sauti mbele ya wanunuzi wanne. Kama wanunuzi wanataka mnyama wa umbo moja, uzito mmoja na umri mdogo, atamtoa hivyo au atauza shamba.

Hapa iko siri ya jambo hili. Ng'ombe wa nafaka wa Marekani hazaliwi zizini. Huzaliwa malishoni, hunyonya miezi 6 hadi 8, na huendelea kula majani mpaka afikie umri wa karibu mwaka mmoja. Ni katika miezi 4 hadi 6 ya mwisho, au zaidi kidogo, ndipo anapopelekwa kwenye zizi na kupewa chakula ambacho sehemu yake kubwa sana ni nafaka. Hapo huweza kuongeza zaidi ya kilo moja na nusu kwa siku, na kwa kawaida huchinjwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Wa majani mara nyingi huhitaji miezi kadhaa zaidi. Miezi hiyo ndiyo inayobishaniwa. Kwa mwenye mtaji, kila mwezi mnyama anaoishi ni riba juu ya fedha iliyofungwa ndani ya ngozi yake.

MATOKEO YAKE KWA MNYAMA

Kwanza, magonjwa ya tumbo yamekuwa sehemu ya kawaida ya uzalishaji. Katika machinjio ya Marekani si ajabu kukuta majipu ya ini kwa ng'ombe mmoja kati ya kila 10, na katika makundi mengine zaidi. Badala ya kupunguza nafaka, dawa iliongezwa katika chakula. Viuavijasumu vilitolewa kila siku kwa wanyama wasio wagonjwa ili wahimili chakula kinachowaumiza. Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo tangu Januari 2006. Marekani ilizuia matumizi hayo kwa dawa zenye umuhimu kwa binadamu mwaka 2017, lakini kuzitumia kwa kuzuia ugonjwa kuliendelea kuruhusiwa chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo. Bakteria wanaozoea dawa hawabaki zizini. Humfikia mfanyakazi, na hatimaye humfikia mwananchi hospitalini.

Pili, msongamano na safari. Ndama waliotolewa kwa mama zao, wakachanganywa mnadani na wengine wasiowajua na kupakiwa katika malori, hufika zizini wamechoka na wana hofu. Magonjwa ya mapafu ndiyo yanayoongoza kwa kuua katika mazizi hayo. Sheria ya Marekani iliyoanza mwaka 1873 inaruhusu mnyama kusafirishwa hadi saa 28 bila chakula, maji wala mapumziko.

Tatu, hali ya hewa. Zizi la wazi lisilo na kivuli ni vumbi wakati wa jua na matope wakati wa baridi. Mwezi Juni 2022 joto kali liliua ng'ombe wasiopungua 2,000 katika mazizi ya jimbo la Kansas. Mnyama aliyenenepa, ambaye tumbo lake linachachusha nafaka na kutoa joto, hana pa kukimbilia.

Hata hivyo, mchambuzi mkweli hana budi kueleza upande wa pili. Katika zizi linalosimamiwa vizuri ng'ombe hupata maji na chakula kila siku, huangaliwa na watu wanaojua dalili za ugonjwa, wala haliwi na simba. Kwa uhuru wa kwanza, ule wa njaa na kiu, zizi hilo linaweza kuyashinda malisho mengi. Tusilifiche jambo hili.

JE, MAJANI NI PEPO?

Wanaosifu majani husahau ukame. Katika ukame wa miaka ya 2008 na 2009 wafugaji wengi wa Longido, Monduli na Kajiado walipoteza sehemu kubwa ya mifugo yao. Kati ya mwaka 2020 na 2023 Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2 kwa ukame. Mnyama anayekufa kwa njaa hufa polepole. Huanza kukonda, kisha hushindwa kusimama, na mwenyewe humnyanyua asubuhi kwa mikono mpaka siku asiponyanyuka tena. Huyo alikuwa ng'ombe wa majani kwa kila maana ya neno hilo.

Liko pia suala la kupe. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa masikio, huua ndama wengi malishoni. Chanjo yake ilitokana na utafiti uliofanyika Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, na wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania walianza kuinunua kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Hao ndio wale wale waliokuwa wakiitwa wakaidi wasiotaka maendeleo. Walipoona ndama wanapona, walilipa.

Aidha, jina la "majani" lenyewe linaweza kuwa biashara. Mwaka 2016 idara ya kilimo ya Marekani iliondoa kanuni yake ya hiari iliyokuwa ikieleza maana ya nyama ya ng'ombe wa majani. Tena, ng'ombe anaweza kufungiwa katika zizi chafu, akapewa nyasi kavu, na bado akauzwa kwa jina hilo. Wala tusichanganye mambo: ladha ya nyama, mafuta yake na hewa chafu inayotoka kwa ng'ombe ni maswali mengine. Mnyama anayeishi muda mrefu zaidi hutoa gesi kwa muda mrefu zaidi. Ukweli huo haufuti maumivu ya yule aliyeharakishwa, lakini unatukataza kusema kwamba majani hujibu kila swali.

HALI YETU: NGITILI NA UNENEPESHAJI

Tukirudi kwetu, tunaona mambo mawili yanayostahili kufikiriwa pamoja.

La kwanza ni ngitili. Wasukuma tangu zamani walitenga sehemu za malisho wakati wa mvua, zisiguswe mpaka kiangazi kikali. Wamaasai nao hutenga malisho ya ndama na wanyama dhaifu karibu na maboma. Huu ni ustawi wa mnyama uliopangwa na jamii yenyewe, kwa sheria zake na adhabu zake. Katika kukosoa na kujikosoa lazima tuseme kwamba uhamishaji wa watu katika vijiji katika miaka ya 1970 ulivuruga utaratibu huo Shinyanga, kwa sababu watu waliondolewa karibu na maeneo waliyoyalinda. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, na mradi ulipoamua kufufua ngitili badala ya kuwafundisha wananchi mambo mapya matupu, zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa majani na miti. Kwa hiyo tatizo la njaa ya ng'ombe wa majani lina ufumbuzi, nao haupiti kwenye gunia la mahindi. Unapita kwenye haki ya wafugaji juu ya ardhi na nidhamu yao katika kuitumia.

La pili ni unenepeshaji. Katika Kanda ya Ziwa wako wananchi wanaonunua maksai waliokonda mnadani, wakawafungia kwa muda wa miezi mitatu hivi, na kuwalisha maganda ya mbegu za pamba na mashudu kutoka viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta. Kwingine hutumika pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na molasi kutoka viwanda vya sukari. Tofauti na Marekani ni kubwa. Maganda ya pamba yana nyuzi nyingi, kwa hiyo tumbo linabaki na kazi yake ya kucheua. Pia ni mabaki ambayo binadamu hali. Katika mazizi ya nafaka huhitajika kilo 6 au 7 za chakula kikavu kwa kila kilo moja ya uzito anaouongeza ng'ombe. Taifa ambalo ugali wake ni mahindi hayo hayo halina sababu ya kuiga hesabu hiyo.

Lakini tusijidanganye kwamba zizi letu ni jema kwa kuwa ni letu. Mnunuzi anayekopa fedha ili anenepeshe ng'ombe 50 naye anaharakishwa na riba. Atashawishika kubana wanyama mahali padogo bila kivuli, kuongeza mashudu haraka, na kudunga dawa bila kumwita mtaalamu. Ubepari hauhitaji zizi la ng'ombe 100,000 ili uonekane. Huanza pale hesabu ya siku inapokuwa na nguvu kuliko hali ya mnyama, na pale mfugaji aliyemlea ng'ombe kwa miaka minne anapolipwa kidogo kuliko aliyemlisha kwa siku 90.

KAZI YA KADA

Kada si daktari wa mifugo. Kazi yake ni kuuliza maswali sahihi, kuyapeleka katika mkutano wa kijiji, na kuhakikisha kwamba wataalamu wanafika. Mradi wowote wa mifugo unapoletwa, uwe ranchi, zizi la kunenepeshea au malisho ya pamoja, na uulizwe yafuatayo:

1. Ng'ombe watakula nini, na je, majani au chakula chenye nyuzi kitakuwapo kila siku? Watabadilishiwa chakula kwa muda gani?

2. Maji yako wapi, na yatatosha mwezi wa Oktoba, au yatatosha mwezi wa Aprili tu?

3. Kuna kivuli, mahali pakavu pa kulala na nafasi ya mnyama kugeuka na kuwakimbia wenye pembe kali?

4. Josho linafanya kazi? Chanjo zipo? Dawa hutolewa na nani, na kwa mnyama mgonjwa au kwa wote?

5. Ardhi ya mradi ilikuwa malisho ya nani, na njia za mifugo zitabaki wazi? Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Wanyama ya mwaka 2010 ipo, lakini malisho yasiyopimwa wala kutengwa na kijiji hayalindwi na karatasi iliyoko mjini.

6. Faida itagawanywaje kati ya mfugaji, mnenepeshaji na mwenye machinjio?

Swali la sita si la uchumi peke yake. Mfugaji anayelipwa bei ya haki kwa ng'ombe mwenye afya ana uwezo wa kununua chanjo, kuchimba lambo na kuuza mapema kabla ukame haujamkondesha mnyama. Mfugaji anayenyonywa hulazimika kubaki na ng'ombe wengi waliokonda kama akiba dhidi ya kesho asiyoijua. Kwa njia hiyo hali ya mnyama na hali ya mwenye mnyama zimefungwa kwa kamba moja, na anayetaka kuitengeneza moja bila kuigusa nyingine anapoteza muda wa wananchi.

Vikundi vya mafunzo vinaweza kuanza na zoezi dogo. Kila mwanafunzi atembelee mnada mmoja na zizi moja la kunenepeshea katika wilaya yake, awaangalie ng'ombe kwa kufuata uhuru wa aina tano uliotajwa hapo juu, aandike alichokiona, kisha taarifa hizo zijadiliwe pamoja na wafugaji wenyewe na afisa mifugo wa kata. Yatakayopatikana huko yatakuwa msingi bora zaidi wa maamuzi ya kijiji kuliko wito wowote wa "majani" au wa "nafaka".